Nyota Kwenye Pembe za Mbogo

Paukwa.

"Pakawa."

Mmeitikia kama mliotoka kupasua mawe. Haya, hata mimi nimelima tangu alfajiri na mgongo huu si wangu tena. Tusilaumiane. Kata yangu ya maji nimeiweka hapo nyuma ya kinu, nitakunywa nikimaliza. Paukwa tena.

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Pakawa unachokijua wewe."

Pakawa kiu. Pakawa dimbwi moja na makoo mia. Waliochoka wasogee karibu, hadithi hii ni yao. Wasiochoka wakae huko huko nyuma, watasikia.

Hapo kale, huko nyikani nyuma ya majabali, mvua ilisusa. Masika hayakuja. Vuli ikaonekana mbali, ikawanyeshea wengine, ikaenda zake. Mto ukakauka, visima vikakauka, hata umande ukawa kitu cha kusimuliwa na wazee. Likabaki dimbwi moja chini ya majabali, lenye chemchemi inayotoa maji tone kwa tone kama mtu anayelipishwa kwa nguvu. Na dimbwi hilo lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni Mbogo.

Nani alimpa? Hakuna aliyempa. Aliingia na miguu yake minne, akasimama katikati, akatazama huku na huku, akasema, "Langu." Wanyama wadogo wakatazama dimbwi, wakatazama pembe, wakasema, "Lako, Bwana."

Lakini Mbogo hakutaka kuitwa mchoyo. Wakubwa ndivyo walivyo, wakikunyima wanataka uwashukuru. Akaweka sheria. "Mchana maji ni yangu. Jioni pia ni yangu, maadamu nyota Zuhura iko mbinguni. Zuhura isipokuwapo mbinguni, njooni mnywe, wala sitamgusa mtu. Nani kama mimi?"

"Hakuna, Bwana," wakasema.

Akamweka Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa, juu ya mgunga mkavu, awe mtangazaji. Kazi yake ilikuwa moja. Zuhura ikionekana, atangaze. Zuhura isipoonekana, atangaze. Asiongeze neno, asipunguze neno.

Sasa, mwaka ule Zuhura ilikuwa nyota ya jioni, na ilikaa juu sana upande wa magharibi. Jua linakwenda, yenyewe imebaki. Giza linaingia, yenyewe imebaki. Mbogo yumo dimbwini anakunywa, gubi gubi gubi. Akishiba anagaagaa, chubwi chubwi chubwi. Wadogo wako ukingoni, wanangoja. Hondohondo anaulizwa, "Vipi?" Anajibu, "Ko-ko-ko. Ipo." Wanangoja tena. "Vipi?" "Ko-ko-ko. Ipo." Wakawa na wimbo wao, wakiuimba kwa sauti ya chini Mbogo asisikie:

*Shuka, Zuhura, shuka,*
*makoo yamekauka.*
*Shuka, Zuhura, lala,*
*tunywe nasi tupate kulala.*

Hatimaye Zuhura inazama nyuma ya vilima. "Ko-ko-ko. Haipo." Mbogo anatoka dimbwini, anajinyoosha, anaenda kulala akijiona mtu mwema. Wadogo wanaingia. Wanakuta nini? Tope. Wanachuja tope kwa meno. Jana hivyo, leo hivyo, kesho hivyo.

Katika hao waliongoja alikuwamo Pimbi. Mnamjua pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, mnene kama mto wa kulalia, hana mkia wala hana habari. Huyu mume wake alichukuliwa na tai msimu wa upepo, akaachiwa pacha wawili wanaonyonya. Wenzake wakamwita Mama Pacha. Na huyu Mama Pacha alichoka. Nasema alichoka, si ule uchovu wa kulala ukaisha. Akilala anachoka, akiamka anachoka, akifikiria kuchoka anachoka.

Mama anayekunywa tope hutoa nini? Ziwa la kwanza likakauka. Ziwa la pili likawa linatoa tone, tena tone la kubembelezwa. Pacha wananyonya kwa zamu, wananyonya hewa, wanalia. Kisha jioni moja hawakulia. Hilo ndilo lililomtia Mama Pacha hofu kuliko kilio. Mtoto akiacha kulia kwa kuwa ameshiba, unashukuru. Akiacha kulia kwa kuwa hana nguvu, unahesabu siku.

Jirani yake alikuwa Kanga, mama wa vifaranga kumi na mmoja, mwenye maneno mengi na moyo laini. "Shoga," Kanga alimwambia, "hivi wewe ukikaa hapo juu ya jiwe kila jioni unatazama nini?"

"Natazama Zuhura."

"Ikusaidie nini?"

"Nimechoka hata kugeuza shingo, shoga. Nikielekea magharibi ndiyo imetoka hiyo."

Na ni kweli. Jiwe lilikuwa limeshika joto la mchana, nalo lilimpoza maumivu ya mbavu. Basi akakaa, akaitazama Zuhura kama unavyomtazama mgeni asiyeaga. Ukimtazama mgeni wa namna hiyo jioni baada ya jioni, utajua hata idadi ya vifungo vya shati lake. Mama Pacha akaanza kujua mambo.

Aliona kwamba mwezi ukiandama, kila jioni unapanda hatua moja kuondoka kwenye jua. Aliona kwamba safari iliyopita, mwezi ulipofika karibu na Zuhura ulipita kando yake kwa upana wa kwato moja. Safari ya kabla ya hapo zilikuwa kwato tatu. Basi safari hii? Safari hii mwezi utampitia mgeni usoni kabisa.

Na aliona jambo jingine ambalo hakuna aliyemwambia. Watu husema mwezi mchanga ni kipande. Si kipande. Mwezi mchanga ni mzima, mviringo, ila ni mweusi, kama chungu cha masizi kilicho jikoni na moto unaangaza chini tu. Ule mwanga tunaouona ni ukingo wa chini wa chungu. Chungu chenyewe kipo, kimejaa giza lake. Mara mbili Mama Pacha aliona vijinyota vidogo vikishuka kuelekea kati ya pembe za mwezi, mahali palipoonekana patupu, na kabla havijaugusa ule mwanga, fyu, havipo. Vimepita nyuma ya chungu. Baadaye kidogo vinatokea chini, upande wa pili, kama mtu aliyekwenda uani akarudi.

Jioni ya mwezi wa siku tatu, Mama Pacha aliupima mwezi kwa kwato zake, akaipima Zuhura. Akaona imebaki jioni moja. Akateremka jabali. Hakuteremka kwa ushujaa, msije mkamsifu bure. Aliteremka kwa kuwa mwenye nguvu anaweza kupigana na mwenye mbio anaweza kuhama, na yeye hakubakiwa na nguvu wala mbio. Alibakiwa na kile alichokiona.

"Shikamoo, Bwana Mbogo."

Mbogo alikuwa dimbwini, maji yamemfika tumboni, kinyesi kinaelea nyuma yake. "Marahaba. Zuhura ipo. Huoni?"

"Naiona, Bwana. Sikufuata maji. Nimefuata kukupa hongera."

"Hongera ya nini?"

"Tazama mwezi ule. Ncha mbili zimesimama juu. Bwana, unafanana na nini?"

Mbogo akatazama. Alitazama sana, maana hakuwa na mazoea ya kutazama kitu kisichoweza kuliwa. "Unafanana na pembe."

"Pembe za nani?"

"Kondoo?"

"Bwana Mbogo, kondoo ana pembe zile?"

Mbogo akajigusisha pembe kwenye jiwe, akazisikia zilivyo, akatazama mwezi tena. Uso wake ukaanza kufunguka. "Ni zangu."

"Ni zako. Na ile Zuhura iliyo juu yake, kesho jioni itashuka ikae katikati ya pembe hizo. Mimi nakaa jabalini, nayaona mapema. Hakuna mnyama aliyewahi kuvikwa nyota. Lakini lazima zile za mbinguni na hizi za duniani zielekeane. Upande juu ya kichuguu kile, uinue kichwa, utulie. Ukiwa huku bondeni, miti itakuziba."

Mbogo akakunja uso. Mlafi hupenda zawadi, ila humwogopa mtoaji. "Na wewe unataka nini?"

"Sitaki kitu," alisema Mama Pacha. "Nimechoka, Bwana. Ninataka kuona jambo moja la kupendeza kabla sijafa."

Alisema uongo, lakini katikati ya uongo ule palikuwa na ukweli, na ukweli huo ukamtetemesha sauti. Mbogo akaamini kwa sababu ya mtetemo.

"Ila nina swali dogo," akaongeza. "Nyota ikishakaa kwenye pembe zako, itakuwa ya nani?"

"Yangu."

"Si ya mbinguni tena?"

"Nimesema yangu!" Mbogo akanguruma, maji yakatikisika. "Hondohondo! Kesho nyota ikiingia kwenye pembe, utangaze kwamba haipo mbinguni, iko kwangu. Wasikie wote."

"Nitatangaza nitakachokiona," akasema Hondohondo kutoka juu, kwa sauti ya mfanyakazi aliyekula kiapo zamani na sasa anangoja siku zipite.

Usiku ule Mama Pacha alipita shimo kwa shimo, kichaka kwa kichaka. Kwa Digidigi, kwa Kobe, kwa Nguchiro na ukoo wake, kwa Kanga. Kila mlango aliacha maneno yale yale: "Kesho jioni njooni na vyombo. Hondohondo akisema haipo, ingieni. Hondohondo akisema ipo, tokeni. Katikati ni muda wa kuivisha maharage, si zaidi." Kwa Kanga aliacha na kibuyu chake.

"Shoga, mimi sitakunywa pamoja nanyi. Lazima mtu akae na Mbogo amshike kwa maneno, ama sivyo atashuka. Nijazie kibuyu hiki. Kimoja tu. Ni maziwa ya wale wawili."

"Mama Pacha, hata hilo la kuniambia?" Kanga akasema machozi yakimlenga. "Kabla sijaonja mimi, nitajaza chako."

Kesho yake, jua halijaelemea vizuri, Mbogo alikwisha panda kichuguu. Alisimama kifua mbele. Akapita Nguchiro, akaulizwa, "Umeniona?" "Nimekuona, Bwana." Akapita Kobe, akaulizwa, "Umeniona?" "Ningali nakuona, Bwana, bado napita."

Na huku nyuma dimbwi likapata jambo ambalo halijalipata kwa wiki nyingi. Likaachwa. Hakuna aliyegaagaa humo, hakuna aliyelikoroga. Tope likazama taratibu. Tone likaja juu ya tone. Ilipofika magharibi maji yalikuwa yametakata, yametulia tuli, na wanyama wadogo waliokuja na vyombo vyao wakaona kitu walichokuwa wamekisahau. Wakaona mbingu ndani ya maji. Mwezi mchanga humo, Zuhura humo. Hawakuthubutu kusogea. Walikaa ukingoni wakatazama chini, nadhani mnajua jinsi mtu mwenye kiu anavyotazama.

Juu mbinguni vyote viwili vilikuwa vinashuka kuelekea vilimani, lakini Zuhura ilishuka upesi kidogo kuliko mwezi. Ikazikaribia ncha za pembe. Ikaelekea kati. Ilikuwa nyeupe, kali, na lile giza la mwezi lilionekana kwa mbali, la kijivu, kwa anayejua kulitazama. Kanga akawafunika vifaranga wake kwa mabawa bila kujua kwa nini. Hata waliochoka waliinua shingo.

"Imefika?" akauliza Mbogo. Kichwa alikiinua mno hata macho yakatazama utosi wa mbingu tu.

"Inaingia, Bwana," akasema Mama Pacha, aliyekaa chini ya kichuguu. "Tulia. Tulia. Tulia."

Fyu.

Haikufifia. Haikuaga. Ilikuwapo, kisha haikuwapo, na ule mwanga wa chini wa mwezi ulikuwa bado uko mbali nayo. Mama Pacha mwenyewe, aliyeyajua yote tangu jana, moyo ulimruka. Kujua ni kitu kimoja, kuona ni kingine.

"Ko-ko-ko," akaita Hondohondo. "Zuhura haipo mbinguni. Iko kwa Bwana Mbogo."

Basi hapo ndipo wadogo walipoingia. Hawakupiga kelele, kelele zinataka nguvu. Waliingia tu. Gubi gubi gubi. Digidigi akanywa, akanywa, akanywa. Nguchiro na ukoo wake wakanywa, wakanywa, wakanywa. Kobe alianza kuja.

"Imekaa?" akauliza Mbogo.

"Imekaa, Bwana."

"Mbona siioni?"

"Mwenye kofia haoni kofia yake. Tunaiona sisi."

"Inang'aa?"

"Bwana, inatuumiza macho."

Mbogo akavuta pumzi ya raha. Kisha sikio lake likacheza. "Nasikia watu wanakunywa."

"Wanakunywa, Bwana. Ndiyo sheria yako. Zuhura haipo mbinguni."

"Nitashuka niwakanyage."

"Shuka, Bwana. Ni maji yako. Ila mteremko wa kichuguu unataka uinamishe kichwa."

"Nikiinamisha, itaanguka?"

"Mimi ni pimbi tu. Nitajuaje mambo ya nyota?"

Mbogo akasimama. Mguu mmoja akauinua, akaurudisha. Akauinua tena, akaurudisha. Alitaka maji, alitaka nyota, na shingo ni moja. Akabaki pale pale, kichwa juu.

Mama Pacha naye akabaki. Hamjui kazi aliyoifanya. Kumshika mkubwa kwa maneno, na mdomo umekauka, na nyuma yako unasikia gubi gubi gubi ya wengine. Ulimi ulimgandia kama gome. Kila baada ya muda Mbogo aliuliza, "Ipo?" naye akajibu, "Ipo." "Iko katikati?" "Katikati kabisa." Aliwafikiria pacha wake, waliolala kimya ubavuni mwa jabali. Alifikiria kibuyu. Akafikiria kibuyu tu.

Muda wa maharage ulipokaribia kwisha, Kanga alikuja. Alikuja polepole. Akaweka kibuyu chini, nacho kikalia kile kilio cha kitu kitupu.

"Shoga," akasema Kanga, "nilikijaza. Nilikijaza kwanza kabla sijaonja, kama nilivyosema. Kisha wale wangu kumi na mmoja wakaona wakubwa wamejaa dimbwini, hawana pa kupita, wakakiona kibuyu. Nilipogeuka..."

Mama Pacha akamtazama. Alitafuta hasira, akakuta hata hasira imechoka. "Weka hapo," akasema. "Rudi kwa wanao."

Na wakati huo huo, chini ya mwezi, upande wa ule mwanga, kikatoka kichembe kidogo cheupe. Kikawa kikubwa. Kikajitenga na mwezi. Ni Zuhura, imetokea uani.

"Ko-ko-ko," akaita Hondohondo. "Ipo mbinguni."

Wadogo wakatoka dimbwini mara moja, kama walivyoagizwa, vyombo vyao vichwani. Mbogo akateremsha macho, akaiona nyota iko chini ya mwezi, akaanza kuwa mbogo hasa. "Inafanya nini huko? Umesema iko katikati kabisa!"

Mama Pacha alijua kwamba sasa anaweza kukanyagwa. Na kwa kweli, kwa nukta moja, kukanyagwa hakukumwonekea kubaya sana, kungekuwa ni kupumzika. Kisha akawakumbuka wale wawili.

"Bwana," akasema taratibu, "ulitikisa."

"Sikutikisa."

"Hukufanya kitu chochote kwa shingo?"

Mbogo akafikiri. Uso ukamshuka. "Nilimeza mate," akasema kwa aibu. "Nilisikia wanakunywa, nikameza mate."

"Basi ndiyo hiyo."

Jitu lile likatikisa mkia kama ndama aliyekosea. "Itarudi?"

"Nyota haimkimbii mtu, Bwana, inakimbia shingo legevu. Anza mazoezi. Anza sasa hivi, inue kichwa, usiinamishe wala usimeze mpaka izame. Kesho vivyo hivyo. Ikikuta shingo imekomaa, itakaa."

Mbogo akainua kichwa. Pua mbele, macho juu, mishipa ya shingo imesimama.

Hapo Mama Pacha akaokota kibuyu chake kitupu. Hakukimbia, angekimbilia nini? Akaenda mguu kwa mguu mpaka dimbwini. Walikuwa wamebakisha maji, si mengi, maji ya kufika kifundo, nayo yalianza kutulia. Zuhura ilikuwamo ndani, nyeupe, kando kidogo ya mwezi. Akainama.

"Ko-ko-ko," akasema Hondohondo juu yake, kwa sauti ndogo. "Zuhura ipo."

"Ipo, Mzee Hondo," akajibu Mama Pacha. "Naiona humu." Akanywa pale pale ilipo.

Akanywa, akanywa, akanywa. Maji yakatikisika na nyota ikavunjika vipande, akaendelea kunywa. Kisha akanyanyua macho kwenye mgunga, akangoja kusikia atatangazwaje.

Hondohondo alijikuna bawa kwa ule mdomo wake mkubwa. "Niliagizwa kutangaza nyota," akasema. "Wanaokunywa sikuagizwa." Akageuka akatazama vilima.

Mama Pacha akajaza kibuyu, akapanda jabali. Pacha walikuwa vile vile alivyowaacha. Akawalaza kifuani, mmoja huku, mmoja huku. Mwanzo hapakuwa na kitu. Akangoja. Yeye kungoja alikuzoea. Baadaye akasikia yule mdogo anavuta, anavuta, kisha anameza. Mama Pacha akalia kidogo, si sana, maji ya kulilia yalikuwa ya thamani. Zuhura ilipozama usiku ule hakuiona. Alikuwa amelala.

Tangu siku ile, kila jioni, Mbogo akapanda kichuguu kufanya mazoezi. Na kila jioni wadogo wakanywa maji yaliyotakata. Zuhura yenyewe baada ya wiki kadhaa ikahama, ikawa nyota ya alfajiri. Mbogo hakujali, akasimama. Mvua ikarudi, mito ikajaa, kila mtu akanywa kwao. Mbogo akasimama. Hata leo ukikutana naye nyikani utamwona amenyoosha pua mbele na shingo juu, anakutazama kwa dharau. Si dharau. Anaogopa kutikisa.

Na funzo lake? Mafunzo ni mengi, watoto wangu, yashikeni. Ukichoka nenda kalale mapema, anayekaa kutazama angani hapati kitu. Ukipewa sheria na mkubwa, usiichunguze. Na ukiwatendea watu wema, nenda zako kwa amani, hakika watakuwekea sehemu yako.

Hadithi yangu imekauka hapo. Iliyowafaa bebeni, isiyowafaa mwageni mlangoni ipoze vumbi.

Sasa nipeni ile kata yangu ya maji, hapo nyuma ya kinu.

Mbona nyepesi?